Kwa nini mahindi yanakiita kiduha?

Ukiona maua ya zambarau yamechanua katikati ya shamba la mahindi, usifurahi haraka. Huenda ni kiduha, au kayongo kama Waluo wa Kenya wanavyokiita. Majani yake ni ya kijani na yanatumia jua kama mmea mwingine wowote, lakini maji na virutubisho kinavinyonya kwenye mizizi ya jirani: mahindi, mtama, uwele. Kinaanza kunyonya kikiwa bado chini ya ardhi, kwa hiyo siku unapokiona, hasara imeshaingia.

Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Inaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 ikisubiri, maana ikiota pasipo na mzizi karibu, inakufa ndani ya siku chache. Sasa inajuaje kwamba mzizi umefika?

Marekani ililazimika kulitafutia jibu swali hilo baada ya kiduha kugunduliwa kwenye mahindi ya North Carolina na South Carolina mwaka 1956. Mwaka 1966 watafiti walitenga kemikali inayoamsha mbegu hizo, wakaiita strigoli. Waliitoa kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hata hakiwezi kuushambulia! Wamarekani walipiga pia gesi ya ethilini ardhini: mbegu zikadanganyika, zikaota, zikafa kwa njaa. Pamoja na karantini na dawa za magugu, kiduha kikatoweka karibu chote huko. Lakini mkulima wa nusu ekari kule Siaya, mashine ya kupiga gesi ataitoa wapi?

Likabaki fumbo. Kwa nini mmea utengeneze kitu cha kumwita adui wake? Kwa karibu miaka 40 hakukuwa na jibu la kuridhisha.

Mwaka 2005, Kohki Akiyama na wenzake huko Japani walionyesha kwamba kemikali za ukoo huo, strigolaktoni, huwafanya fangasi wa mizizi wachanue matawi. Hawa ni fangasi marafiki: wanauletea mmea fosforasi kutoka mbali, nao wanalipwa sukari. Kumbe wito ulikuwa wao. Kiduha kilijifunza tu kusikiliza simu isiyo yake.

Mwaka 2008 timu mbili, moja ya Ufaransa na nyingine ya Japani, zikaongeza jambo: strigolaktoni hizohizo huzuia mmea usitoe matawi ya pembeni. Inaleta maana. Matawi mengi hukamata jua zaidi, ila yanahitaji fosforasi. Mmea wenye njaa unabana matumizi juu huku ukiomba msaada chini.

Na hapo ndipo maumivu yalipo kwetu. Fosforasi ikipungua, mizizi hupiga kelele zaidi. Shamba lililochoka ndilo linaloamsha mbegu nyingi za kiduha, na mkulima asiye na uwezo wa kununua mbolea ndiye anayevamiwa zaidi.

Mwethiopia Gebisa Ejeta alipitia njia nyingine: alizalisha mtama ambao mbegu za kiduha karibu haziusikii, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mwaka 2017 ikajulikana siri ya mtama wa aina hiyo. Jeni moja imepotea, na mizizi inatoa strigolaktoni ya aina tofauti. Unaendelea kuita, ila kwa sauti ambayo kiduha hakijaizoea.