Ukumbi wa Shule na Chimbuko la Tamthilia: Alliance chini ya Carey Francis, 1940–1962

1. Utangulizi

Historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huelezwa kwa kufuata vitabu: nani alichapisha nini, na katika mwaka gani. Mtazamo huo una manufaa yake, lakini hauonyeshi mahali michezo ya kuigiza yenyewe ilipozaliwa. Baadhi ya tamthilia za mwanzo kabisa zilitungwa na vijana waliotoka katika shule moja ya bweni ya wavulana, zikaonyeshwa mbele ya wenzao kabla ya kufika kwa mpiga chapa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tamthilia hizo zilitokana na nafasi iliyokuwa nje ya masomo ya darasani, na kwamba uongozi ulioitoa nafasi hiyo ndio pia ulioiwekea mipaka.

2. Shule na Mwalimu Mkuu

Shule ya Upili ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu, karibu na Nairobi, mwaka 1926. Iliasisiwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na jina lake latokana na muungano huo. Mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieves, aliiongoza hadi mwaka 1940. Aliyemfuata ni Edward Carey Francis, mtaalamu wa hisabati aliyeacha uhadhiri katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1928 akaja kuongoza shule ya Maseno. Alikaa Alliance hadi mwaka 1962. Alipostaafu hakurudi kwao kustarehe, bali alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, hadi alipofariki mwaka 1966.

Kwa Carey Francis, cheti kilikuwa sehemu tu ya elimu. Ibada, usafi wa mabweni, kandanda, midahalo, na madaraka waliyopewa viranja, vyote vilihesabiwa kuwa malezi ya mtu atakayewatumikia wengine. Ratiba ya namna hii ilimfanya mwanafunzi ajifunze mengi ambayo hakuna mtihani uliyoyauliza. Hata hivyo, lugha ya malezi hayo ilikuwa Kiingereza. Kila mwaka shule iliigiza mchezo mmoja wa Shakespeare. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameandika kwamba katika miaka hiyo aliona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream.

3. Ndani na Nje ya Ua

Si rahisi kuipima kazi ya shule hiyo bila kuyakumbuka yaliyokuwa yakitendeka nje ya ua wake. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Shule za kujitegemea za Wagikuyu, zilizoanzishwa na wananchi wenyewe ili waepukane na amri ya misheni, zilifungwa au kutiwa chini ya mamlaka ya serikali. Chuo cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939 ili kuwapatia wananchi walimu wao wenyewe, kilifungwa pia. Kwa hiyo, wakati milango ya shule za wananchi ilipokuwa ikifungwa, jukwaa la shule ya misheni lilikuwa likiendelea kuwaka taa.

Ngũgĩ amesimulia katika kumbukumbu zake za shuleni, zilizochapishwa mwaka 2012, jinsi alivyorudi nyumbani mwaka 1955 baada ya muhula wake wa kwanza, asikione kijiji alichokiacha: nyumba zilikuwa zimebomolewa na watu wamehamishwa kwa nguvu. Mwanafunzi huyo huyo alipaswa kurejea bwenini, kuvaa sare na kuingia ukumbini kutazama tanzia ya mfalme wa Uingereza.

4. Michezo ya Kiswahili

Ni katika mazingira hayo, mnamo miaka ya kati ya hamsini, ndipo jukwaa la Alliance lilipopata michezo ya Kiswahili iliyotungwa na Waafrika wenyewe. Inayojulikana zaidi ni minne: Nakupenda, Lakini ya Henry Kuria, Maisha ni Nini ya Kimani Nyoike, Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, na Atakiwa na Polisi ya B. M. Kurutu. Ngũgĩ ameiona kuwa jibu la shule hiyo kwa Shakespeare wa Kiingereza. Aidha, wanahistoria wa fasihi humtaja Graham Hyslop, ofisa wa serikali wa muziki na maigizo, ambaye michezo yake Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu ilitokea katika kipindi hicho hicho.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni lugha. Watunzi wa Alliance hawakuwa watu wa pwani, wala hawakurithi mapokeo ya utenzi na shairi. Kiswahili chao kilikuwa cha bara, lugha ya kukutania watu wa makabila mbalimbali, sokoni, garini na mjini. Kwa sababu hiyo walichagua mazungumzo ya nathari, wakaacha mizani na vina. Hatua hiyo yaweza kuonekana kuwa upungufu, lakini ndiyo iliyoifungulia tamthilia njia ya kusema kama watu wasemavyo.

La pili ni hadhira. Mchezo wa Shakespeare ulimtaka mtazamaji awe amefunzwa kwanza. Mchezo wa Kiswahili haukumtaka hivyo. Mpishi wa shule, mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe na jirani wa kijijini waliweza kuufuata na kucheka mahali pa kucheka. Kwa njia hiyo Kiswahili kiliushusha ukuta uliokuwa kati ya bweni na kijiji, walau kwa jioni moja.

La tatu ni maudhui. Majina ya michezo yenyewe yatosha kudokeza: mapenzi, maisha, kulogwa, polisi. Nchi ilikuwa vitani, lakini vita havikupewa jina katika orodha hiyo. Haifai kuwalaumu vijana kwa hilo. Walipewa jukwaa kwa ajili ya burudani na malezi, na walijua mahali mpaka ulipopita. Lakini hata katika kicheko, neno "atakiwa na polisi" halikuwa jepesi masikioni mwa watu walioishi kwa kipande na msako.

5. Hitimisho

Yapo makosa mawili ya kuepukwa. Kosa moja ni kumsifu mwalimu mkuu kana kwamba yeye ndiye aliyekusudia kuanzisha fasihi ya Kiswahili. Hakukusudia hivyo, na jukwaa lake kuu lilibaki kwa Shakespeare. Kosa la pili ni kuidharau michezo hiyo kuwa vichekesho vya watoto wa shule. Uongozi uliojali saa za nje ya darasa uliacha nafasi, na wanafunzi wakaijaza kwa jambo ambalo uongozi haukuliwaza. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ alishirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji kuonyesha Ngaahika Ndeenda katika lugha yao, na mwisho wa mwaka huo akatiwa kizuizini. Safari hiyo hakukuwa na ua wa shule wa kuikinga michezo ya kuigiza, wala wa kuizuia isitaje mambo kwa majina yake.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani. Tangu wakati huo lugha imepata vitabu, vipindi na alama. Vijana wa Alliance walikuwa na jioni zao na ukumbi tu, lakini waliitungia lugha kitu ambacho haikuwa nacho. Mhakiki anayeitafuta asili ya tamthilia ya Kenya hana budi kuuliza si mtaala uliagiza nini tu, bali pia ni saa zipi uliwaachia wanafunzi.