Upoozaji wa injini ya Volkswagen Beetle

Volkswagen Beetle ya asili haina rejeta. Injini yake ya silinda 4, iliyofungwa nyuma ya gari, hupozwa na feni iliyo kwenye shafti ya jenereta na kuzungushwa kwa mkanda. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka, na dereva hana budi kuzima injini mara moja. Hata hivyo gari hili lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962.

Silinda namba 3 ndiyo iliyoteseka zaidi. Katika injini za zamani kipoza oili kilisimama juu yake, ndani ya kasha la feni, hivyo ilipata hewa pungufu tena iliyokwisha kushika joto. Kuanzia modeli za 1971 kiwanda kilikisogeza kipoza hicho, kikakipa njia yake ya hewa na kupanua feni. Kasha la feni la muundo huo mpya huweza kufungwa kwenye injini nyingi za awali, na katika nchi za joto hakuna badiliko lenye faida kulizidi.

Lakini feni pana haifui dafu ikiwa mabati ya kuongoza hewa yameng'olewa. Mabati hayo, pamoja na mpira unaozunguka injini, hutenga hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Pakiwa na pengo, feni huvuta upya joto lile lile. Vibao vya thamostati, ambavyo baadhi ya mafundi huvitupa, navyo huelekeza hewa, basi vibaki mahali pake.

Vumbi lililogandamana na oili kati ya mapezi ya silinda lisafishwe.