Nondo za Kipawa

Mtu mwenye sauti nzuri au mkono wa ufundi husemwa ana kipawa: amejaliwa na Mungu. Eneo lenye jina hilo, kando ya Barabara ya Nyerere wilayani Ilala, Dar es Salaam, limeishi miaka mingi chini ya michoro ya watu wengine.

Uwanja wa ndege ulijengwa pande hizo miaka ya 1950, enzi za Waingereza, wakati mji ulikuwa bado mbali. Mwaka 1984 likaongezwa jengo la pili, lililosanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyesanifu uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris. Mji nao ukasogea. Watu walinunua viwanja wakajenga kwa namna ya Dar es Salaam: vyumba viwili kwanza, msingi wa vingine ukisubiri, nondo zimechomoza juu ya ukuta. Ukimuuliza mwenye nyumba atamaliza lini, hujibu, "Mungu akipenda." Nondo zile na jibu lile havitengani. Huyo ni mtu mwenye mpango, na papo hapo amekiri kwamba kesho si yake.

Mwaka 1997 ikafanyika tathmini ya fidia ili kuupanua uwanja. Ilizigusa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni.

Asiyewahi kufanyiwa tathmini huenda akadhani ni kazi ya siku moja. Wathamini huhesabu vyumba, miembe na minazi, hata makaburi, kisha huondoka. Kinachobaki ni kungoja. Chumba kitakachoongezwa baada ya hapo hakitalipwa, kwa hiyo haongezi mtu. Paa likivuja, mwenyewe hujiuliza kama anaezeka kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya tingatinga. Nondo hushika kutu. Wa Kipawa walikaa hivyo zaidi ya miaka kumi ndipo wakahama, wengine wakaanza upya upande wa Pugu na Buyuni, mbali na kazi, na shule, na majirani waliozikana.

Katika kungoja kule, "Mungu akipenda" iliendelea kutamkwa, lakini hapo Mungu alisingiziwa. Msemo huo humkumbusha mwenye mpango kwamba kudra haimo mikononi mwake. Haukuwekwa ili kumpumzisha aliyeshika jalada. Mvua isiponyesha, au mtu akiugua ghafla, hiyo ni kudra. Fidia iliyochelewa ina tarehe, ina ofisi na ina saini inayokosekana.

Kudra ilikuja baadaye, na iliwakuta wenye michoro. Tarehe 1 Agosti 2019 Rais John Magufuli alizindua jengo la tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Mwezi Aprili 2020, kwa sababu ya korona, Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa hadi Mei. Hakuna mhandisi aliyeweza kulitia hilo kwenye ramani, na hakuna wa kulaumiwa.

Lakini siku ya uzinduzi, wakazi wa Kipunguni walikuwa bado wanadai fidia ya tathmini ileile. Mtoto aliyezaliwa wathamini walipopita alikuwa ametimiza miaka 22, umri wa kutafuta kiwanja chake mwenyewe.