Neno la Bwana juu ya Hekalu na juu ya Siku ya Mwisho

Kila itokeapo vita au njaa, sisi walimu wa dini huulizwa neno lile lile: "Mwalimu, je, huu ndio mwisho? Tulime au tusilime?" Si vema kumcheka mwenye kuuliza hivi. Na tuifungue Injili, kisha tuyatazame mambo yaliyotukia.

Twasoma katika Mathayo 24, Marko 13 na Luka 21 ya kuwa wanafunzi waliyastaajabia majengo ya Hekalu, naye Bwana akawaambia kwamba yote yatabomolewa. Hekalu hilo Herode alianza kulijenga upya yapata mwaka 20 kabla ya Kristo, nalo lilikuwa fahari ya taifa zima. Katika Mathayo wanafunzi wakauliza mambo mawili pamoja: hayo yatakuwa lini, na ishara ya kuja kwake ni nini. Asomaye bila kuyatenga maswali hayo hupotea njia.

La kwanza lilitimia. Mwaka 66 Wayahudi waliwaasi Warumi. Mwaka 70, wakati wa Pasaka, Tito mwana wa Kaisari Vespasiano akauzingira mji uliojaa watu. Njaa ikawaua wengi, na mwezi wa Agosti Hekalu likateketea kwa moto. Yosefo, Myahudi aliyekuwako kambini mwa Warumi, aliandika habari hizo. Na huko Roma hata leo lasimama tao la Tito, lenye sanamu za watu wachukuao kinara cha matawi saba. Askofu Eusebio asimulia ya kuwa Wakristo wa Yerusalemu walionywa, wakatoka mapema, wakaenda Pella, ng'ambo ya Yordani. Kwa maana juu ya mji Bwana alitoa ishara, ndiyo majeshi kuuzunguka, akaamuru watu wakimbie.

Lakini juu ya siku ya mwisho alisema kwamba hakuna aijuaye ila Baba. Vita, njaa na matetemeko aliyataja kuwa mwanzo wa utungu, wala si mwisho wenyewe. Hapa amri yake si kukimbia, bali kukesha.

Wako waliouvuka mpaka huo. Huko Marekani, William Miller alizihesabu siku za nabii Danieli, na wafuasi wake wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliyaacha mazao yao shambani bila kuvuna. Siku ikapita, wakabaki na kilio. Hawakupungukiwa na bidii. Walipungukiwa na utii kwa neno moja.

Basi mwenye kuuliza tumjibu: Lima shamba lako, lipa deni lako, patana na jirani yako leo. Mtumwa mwaminifu wa mfano ule hakukutwa akihesabu siku. Alikutwa akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake. Twaihesabu miaka iliyopita, tukishukuru. Ile ijayo hatukupewa kuihesabu, bali kuitumikia.