Idi Amin na huo "msimamo" wake

Hivi, kwa nini kila tukimjadili Idi Amin lazima atokee mtu wa kusema, "lakini jamaa alikuwa na msimamo"? Nawasikia vijana wa rika langu, wasomi kabisa, wanaomjua kwa medali na vituko vyake tu.

Wanaomsifia hupenda kutaja Agosti 1972, alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Sawa, waliondoka. Maduka yao walipewa nani? Wanajeshi na maswahiba wa utawala, wale waliobatizwa "mafuta mingi". Mlalahoi aliambulia nini? Baada ya muda hata sukari na sabuni zilitafutwa kwa tochi. Septemba mwaka huohuo Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa akiwa Mahakama Kuu na kuuawa. Mwaka 1977 ikawa zamu ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Kama jaji hana usalama mahakamani, raia wa kawaida atakimbilia wapi?

Ndiyo maana mie nasema vita vya Kagera havikuanzia Kagera, vilianzia kambini kwake. Kufikia 1978 uchumi ulikuwa hoi na sehemu ya jeshi lake ilikuwa inaasi. Mwishoni mwa Oktoba askari wake walivuka mpaka, wakaua raia, wakaswaga ng'ombe, wakalipua daraja la Kyaka. Kisha akatangaza kuwa ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Lakini jeshi lililozoea kupora halikuweza kupigana. Hata Gaddafi alipomletea askari, Kampala iliangukia mikononi mwa wanajeshi wetu na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979.

Tulishinda, ila gharama tulibeba sisi. Mwalimu aliomba tufunge mikanda miezi 18. Waulize wazee kama iliisha kwa miezi 18. Watakusimulia foleni za sukari na unga za miaka ya themanini. Na wapo vijana waliokwenda vitani wakaishia makaburini Kaboya. Waganda nao waliingia kwenye vita vingine wao kwa wao.

Amin je? Aliishi Jeddah, Saudi Arabia, mpaka alipofariki tarehe 16 Agosti 2003, bila kupandishwa kizimbani hata siku moja.

Sasa wewe unayemsifia, nenda Kyaka ukawaeleze wazee wa pale huo msimamo ulikuwa upi. Mie nimeutafuta, sijauona.