Mikorosho Isiyo na Hati: Mirathi ya Lionja baina ya Mila na Sharia

 

Mwenye mali anapofariki Lionja, wilayani Nachingwea, mara nyingi huacha shamba la mikorosho lisilo na hati, mipaka yake ikijulikana kwa majirani na wazee tu. Wapo wasemao kuwa kisicho na karatasi ni cha ukoo. Tuitazame historia, kisha tuipime kauli hiyo kwa fiqhi.

Wamwera, wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, hufuata ukoo wa mama. Kwa mila, mrithi wa mwanamume alikuwa ndugu yake wa tumbo moja au mpwa wake, mtoto wa dada. Mashamba yalipokuwa ya kufyeka pori, kulima miaka michache na kuhama, ardhi ya kugombaniwa ilikuwa ndogo. Uislamu ukaenea bara ya Lindi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa juhudi za walimu na twariqa. Watu wakashika swala na saumu, lakini katika mirathi wengi wakabaki na mila.

Mkorosho ukaibadili hali. Mti huu huzaa miongo mingi, na watoto waliopalilia na kuokota korosho pamoja na baba yao huona uchungu mpwa anapouchukua. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani 145,000 za korosho. Baadaye mavuno yakaanguka, na sababu mojawapo ni wakulima kuhamishwa mbali na miti yao. Sheria ya mwaka 1992 ikataka kufuta haki za kimila za kabla ya vijiji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, ikaamua kuwa haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, ikaipa haki ya kimila hadhi sawa na ya hati na kuifanya ya kurithika. Aidha, ilibatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Katika fiqhi jambo hili ni la zamani. Sa'd bin Rabi' (R.A.) aliuawa Uhud, na ndugu yake akaichukua mali yote. Mjane akamshitakia Mtume (S.A.W.). Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun-Nisaa: mabinti wawili wakapata thuluthi mbili, mjane thumuni, na ndugu kilichobaki. Hakuulizwa mtu hati. Milki huthibiti kwa ushahidi, na aliyepanda miti kwa idhini katika ardhi ya ukoo wa mkewe, miti hiyo ni yake, ingawa ardhi si yake.

Mpwa yuko katika dhawil-arham. Hana fungu palipo na watoto wa marehemu. Lakini kwa kuwa si mrithi, mjomba anaweza kumuusia kitu ndani ya thuluthi. Huu ndio mlango wa kuunga udugu bila ya kuwadhulumu mayatima.

Kwa hiyo maimamu na wahusia kabla ya kifo: kila mtu aandike, mbele ya mashahidi, mashamba yake, madeni yake na wosia wake, na kwamba mali yake igawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Mahakama hutazama maisha na nia ya marehemu inapochagua baina ya sharia na mila. Akishafariki, yatangulizwe maziko, madeni na wosia. Msimamizi ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo, naye ajue kuwa ni mwenye amana, si mmiliki. Mafungu yakishagawanywa, kila mrithi aende kwenye halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, na binti asiachwe nyuma.

Wallahu a'lam.