Uboreshaji wa kompyuta za mezani za LGA 775

Uboreshaji wa kompyuta za mezani za LGA 775 ni kazi ya kubadilisha prosesa, RAM, diski na sehemu nyingine katika kompyuta zilizotengenezwa kwa soketi hiyo ya kampuni ya Intel. Soketi yenyewe, iitwayo pia Socket T, ilitoka Juni 2004 na kuchukua nafasi ya Socket 478. Iliwekwa Pentium 4, Celeron D, Pentium D, Core 2 Duo na Core 2 Quad, na kwa sababu hiyo pengo kati ya prosesa dhaifu na prosesa kali zinazoingia katika soketi moja ni kubwa mno. Kompyuta za ofisini za miaka hiyo, hasa Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre, ziliundwa kwa chuma kigumu na kufunguka bila shida, na nyingi zimeendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya wenye nazo wa kwanza kuziuza.

Asili

Kubadilisha prosesa bila kubadilisha kompyuta ni jambo la zamani. IBM PC iliyozinduliwa tarehe 12 Agosti 1981 ilikuwa na soketi tupu ya kupokea prosesa ya ziada ya hesabu, 8087, na baadaye baadhi ya watumiaji walichomoa prosesa yake ya 8088 wakaweka V20 ya NEC. Mwaka 1992 Intel ilianza kuuza prosesa za OverDrive kwa wenye mashine za 486. Umbo la bodi liitwalo ATX, lililotolewa mwaka 1995, liliwezesha bodi ya kampuni moja kuingia katika kasha la kampuni nyingine.

Soketi na mipaka ya bodi

LGA 775 ina miguso 775. Tofauti na soketi za Intel zilizoitangulia katika kompyuta za kawaida za mezani, pini hazipo kwenye prosesa bali kwenye bodi, nyembamba na zimepinda kidogo kama springi. Mabadiliko haya yaliipa prosesa usalama na kuhamishia hatari yote kwenye bodi. Kidole kikigusa soketi, au prosesa ikidondoka juu yake, pini chache hulala, na kuzinyoosha kunahitaji sindano, miwani ya kukuzia na mkono usiotetemeka. Ndiyo maana kifuniko cheusi cha plastiki kinachokuja na bodi hakitakiwi kutupwa.

Siri ya maisha marefu ya soketi hii ni mahali palipowekwa kidhibiti cha RAM. Katika LGA 775 kidhibiti hicho hakikuwa ndani ya prosesa. Kilikuwa katika chipu ya kaskazini ya bodi, na prosesa iliwasiliana nacho kupitia njia ya mawasiliano iitwayo FSB. Kwa hiyo Core 2 Duo ileile inaweza kukaa katika bodi ya DDR2 au ya DDR3 bila kujali. Intel ilipohamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa, kuanzia Core i7 za Novemba 2008, uhuru huo uliisha, na soketi mpya zikaanza kufuatana kwa haraka: LGA 1366 mwaka 2008, LGA 1156 mwaka 2009, LGA 1155 Januari 2011.

Hata hivyo, kuingia katika soketi si kuwaka. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa prosesa za mtumba hupoteza fedha zao, kwa kuwa prosesa ya Pentium 4 na ya Core 2 Quad zina umbo moja na hukaa sawasawa katika soketi moja. Mambo matatu ndiyo huamua. La kwanza ni chipseti: bodi nyingi za 915 za mwaka 2004 hazikubali Core 2 kabisa, za 945 na 965 hukubali Core 2 za nanomita 65 pale mtengenezaji alipoziandaa, za P35, G31, G41, Q45 na P45 hufika hadi Core 2 za nanomita 45. La pili ni saketi ya kuipa prosesa umeme. Bodi za mwanzo zilibuniwa kwa Pentium 4, na Core 2 inahitaji volti za chini zaidi zinazopangwa kwa hatua ndogo zaidi. La tatu ni BIOS, ambayo lazima iwe na taarifa za prosesa husika. BIOS mpya huwekwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu bodi isiyoitambua prosesa mpya inaweza kukaa kimya, feni ikizunguka na kioo kikiwa cheusi.

Njia ya uhakika ni kusoma jina na toleo la bodi lililoandikwa juu ya bodi yenyewe, kisha kutazama orodha ya prosesa ya mtengenezaji wake. Neno la muuzaji kwamba prosesa ni ya 775 halitoshi.

Prosesa

Pentium 4 aina ya Prescott, iliyofungua soketi hii, ilikula umeme hadi wati 115 na inakumbukwa zaidi kwa joto kuliko kwa kazi. Pentium D ya Mei 2005 iliunganisha viini viwili vya ukoo huohuo, na Pentium D 840 ilifika wati 130. Core 2 Duo, iliyozinduliwa tarehe 27 Julai 2006, ilibadilisha hesabu yote: gigahezi zilipungua, kazi ikaongezeka, joto likashuka. E6300 ya gigahezi 1.86 tu ilikuwa na wati 65.

Kwa uboreshaji, prosesa mbili zimepata sifa kuliko nyingine. Core 2 Quad Q6600, ya viini vinne, gigahezi 2.4 na kache ya MB 8, ilitoka Januari 2007 kwa bei ya dola 851 za Marekani, na Julai mwaka huohuo Intel ikaishusha hadi dola 266. Kushuka huko kuliifanya iwe prosesa ya kwanza ya viini vinne iliyofikiwa na watu wa kipato cha kawaida katika nchi tajiri, na ndiyo sababu bado inapatikana kwa wingi sokoni. Toleo la kwanza, B3, lilikuwa na wati 105. Toleo la G0 lilishuka hadi 95, na ndilo la kuchagua. Inatumia FSB ya 1066, hivyo hata bodi kadhaa za 945 na 965 huipokea.

Core 2 Duo E8400 ya Januari 2008 ina viini viwili, gigahezi 3.0, kache ya MB 6, FSB ya 1333 na wati 65. Kwa kuandika barua, hesabu za ofisi na kusoma kurasa za intaneti, E8400 hushindana vizuri na Q6600, na huiacha pawa saplai ndogo ipumue. Kilele cha soketi kwa bei inayovumilika ni Q9650, ya viini vinne, gigahezi 3.0 na kache ya MB 12, ambayo imebaki ghali kwa sababu kila mwenye bodi nzuri ya 775 anaitaka.

Bei hiyo ndiyo iliyowaelekeza mafundi kwenye Xeon za LGA 771, soketi ya seva ya mwaka 2006. Xeon E5450 ina viini vinne, gigahezi 3.0, kache ya MB 12 na wati 80, yaani ni ndugu wa Q9650 aliyekuwa akifanya kazi katika chumba cha seva. Soketi hizo mbili hutofautiana kidogo sana. Fundi hubandika stika nyembamba inayobadilishana miguso miwili chini ya prosesa, hukata vishikizo viwili vya plastiki katika soketi ili prosesa ikae, na pengine huongeza mikrokodi katika BIOS. Seva zilipostaafishwa kwa maelfu, Xeon hizi ziliuzwa zikiwa tayari na stika zao. Ni kazi ya ustadi, yenye faida ya kweli kwa bodi za P35, P45 na G41. Kwa kompyuta za ofisi za kampuni kubwa, ambazo BIOS zake zimefungwa, matokeo hayana uhakika.

Upoozaji hutegemea kipoza joto cha duara chenye miguu minne ya plastiki. Miguu hiyo husukumwa kwa jozi za kukingama, na mguu mmoja usioshika huifanya prosesa ipande joto ndani ya muda mfupi. Pesti ya joto ya zamani iliyokauka hufutwa kwa spiriti na kuwekwa mpya, kiasi cha punje ya dengu.

RAM

Bodi nyingi za 945 na 965 hutumia DDR2, ilhali G41 na Q45 zipo za DDR2 na za DDR3. Kijiti cha DDR2 cha GB 4 ni adimu na ghali, hivyo mashine yenye nafasi mbili za DDR2 huishia GB 4. G41 hufika GB 8 za DDR3, ila ina ukaidi wake: haikubali vijiti vya GB 4 vyenye chipu 8, inataka vyenye chipu 16, nane kila upande. Mnunuzi ahesabu chipu kabla ya kulipa. Q45, inayopatikana katika OptiPlex 780, hufika GB 16. Windows ya biti 32 haitumii GB 4 kamili, hata zikiwekwa.

Diski

Hakuna badiliko linalorudisha uhai katika mashine hizi kama SSD. Hata diski ya mizunguko 7200 kwa dakika hufanya usomaji wa hapa na pale takribani mia moja kwa sekunde. SSD ya bei ya chini kabisa hufanya maelfu. Kwa kuwa Windows wakati wa kuwaka husoma mafaili madogo yaliyotawanyika, tofauti huonekana siku hiyohiyo, hata kwa mtu asiyejua kilichobadilishwa. SATA ya bodi hizi kwa kawaida ni ya gigabiti 3 kwa sekunde, yaani karibu MB 300, nusu ya uwezo wa SSD za SATA za sasa, na bado inatosha. Aliye na fedha ya sehemu moja tu aanze hapa, kabla ya prosesa.

Chipu ya ICH7, iliyo katika bodi nyingi za 945, G31 na G41, haina hali ya AHCI ya kuendeshea diski katika toleo lake la kawaida. SSD hufanya kazi, kwa kasi pungufu kidogo. SSD za M.2 za NVMe kwa kawaida haziwezi kuwasha mashine hizi, kwa sababu BIOS zake hazizitambui. Kwa Windows, diski inayozidi TB 2 kwa kawaida hutumika kwa kuhifadhi, si kwa kuwashia.

Umeme, kasha na kadi ya video

Nafasi ya PCI Express ya kadi ya video hutoa wati 75, na kadi isiyo na waya wake wa umeme lazima ijitosheleze kwa hizo. Kadi za GT 710 na GT 1030, ya pili ikiwa na wati 30, zipo katika umbo fupi linaloingia katika makasha membamba.

OptiPlex 745 na 755 za mnara zina umbo la BTX, ambalo Intel iliacha kulisukuma mwaka 2006, kwa hiyo bodi ya ATX haiingii katika kasha hilo. OptiPlex GX280, iliyo miongoni mwa za kwanza za soketi hii, ilikumbwa na kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja. Kapasita yenye kichwa kilichotuna ni sababu ya kutosha ya kutoigharimia bodi. Betri ndogo ya bodi, CR2032, ibadilishwe bila kungoja.

Katika Afrika Mashariki

Kompyuta za LGA 775 zimefika Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa mtumba, na zimejaza maabara za shule, vyumba vya intaneti na ofisi ndogo. Hatari ya kwanza iko nyuma ya pawa saplai: mashine iliyotoka Marekani au Kanada inaweza kuwa na swichi ndogo iliyowekwa volti 115, na ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230 au 240 pawa saplai hulipuka papo hapo. Swichi itazamwe kabla ya waya kuchomekwa. Pwani, chumvi ya hewa huweka kutu kwenye miguso ya RAM, na kuifuta kwa raba ya penseli mara nyingi huiponya mashine iliyodhaniwa imekufa. Bara, adui ni vumbi ndani ya kipoza joto. Kwa shule yenye mashine 20 za aina moja, kununua SSD na vijiti vya RAM kwa pamoja humfikia kila mwanafunzi, jambo ambalo ununuzi wa mashine mbili mpya haulifanyi.

Programu

Core 2 za nanomita 45 zina maagizo ya SSE4.1 lakini hazina ya SSE4.2 wala POPCNT. Windows 11 toleo la 24H2 haliwaki bila maagizo hayo mawili ya mwisho, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Red Hat Enterprise Linux 9 ya mwaka 2022 pia imeziacha. Debian 13 ya Agosti 2025, katika toleo lake la biti 64, bado huzikubali. Aliye na mashine ya Core 2 yenye bodi nzima ana sababu ya kuiwekea SSD na Linux. Anayenunua leo achukue ya LGA 1155 ya mwaka 2011 au 2012, kama OptiPlex 790 au 7010, ambayo kwa bei inayokaribiana humpa Core i5 na DDR3.